Kabla Ununue Maiki, Angalia Ukuta: Historia ya Vyumba Vilivyorekodi Muziki Wetu

Wasee wa Migori na Homa Bay, kuna swali moja linazunguka kila mahali wasanii wachanga wanakutana: "Ninunue maiki gani?" Kila mtu ana jibu. Huyu anasema ya elfu kumi inatosha, yule anasema bila ya elfu hamsini unacheza. Hakuna anayeuliza swali linalofaa kuja kwanza: hiyo maiki utaiweka kwa chumba gani?

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watanikasirikia. Historia ya muziki wetu wa Nyanza Kusini ni historia ya vyumba. Si ya magitaa wala maiki. Kwa zaidi ya nusu karne sisi tulikuwa na sauti, wengine wakawa na chumba. Na mwenye chumba ndiye alikuwa anakula. Sasa chumba kimefika kejani kwako, halafu unakijaza trei za mayai na kusema umemaliza? Hapana bana. Kaa hapo kidogo nikuonyeshe tumetoka wapi.

Tuanzie kabla ya studio. Mpiga nyatiti alikuwa anakaa kwa kigoda kifupi, nyatiti imelazwa kando yake, njuga za gara ziko mguuni, na pete ya chuma kwa kidole cha mguu inagonga mti wa ala yenyewe. Mtu mmoja, lakini unaskia nyuzi nane, ngoma na njuga kwa mpigo. Ukivuka upande wa Kuria unapata iritungu, nyuzi nane pia, lakini sauti nzito inayotoka chini kabisa. Hizi ala zilipigwa nje, kwa boma, kwa matanga na harusi, ama ndani ya nyumba ya udongo yenye paa la nyasi.

Sasa fikiria hiyo nyumba kama fundi wa sauti. Nyasi ni nene na imejaa matundu madogo ya hewa. Ukuta wa udongo hauko laini, una mabonde na vilima. Sauti ikigonga hapo, nyingine inamezwa, nyingine inatawanyika. Babu hakujenga studio, lakini nyumba yake haikuwa na mwangwi mkali. Halafu tukapata mabati, simiti, plasta laini, vioo na sakafu ya tailsi. Hayo ni maendeleo, hakuna mtu anataka kurudi kufukuza mchwa kwa paa. Lakini kwa masikio, tulihama kutoka kwa blanketi tukaingia ndani ya sufuria.

Mwaka wa 1950 mtu anaitwa Hugh Tracey alifika magharibi mwa Kenya na mashine ya kurekodi. Alirekodi Waluo, akarekodi Wakipsigis, na safari hiyo hiyo kule Kapkatet akanasa wasichana wakiimba ule wimbo maarufu wa "Chemirocha". Tracey hakuwa na studio ya kubeba. Mara nyingi alirekodi watu pale pale walipo, nje, maiki mkononi, akiisogeza karibu na anayeimba. Ukiwa nje hakuna ukuta wa kurudisha sauti. Ndio maana ukiskiza rekodi za aina hiyo leo, unashangaa vile ziko safi kuliko klipu ya jana iliyorekodiwa kwa bedsita na maiki mpya.

Lakini ona zile rekodi zilienda wapi. Tracey alianzisha hifadhi yake ya muziki wa Afrika mwaka wa 1954, kule Afrika Kusini, na mpaka leo iko huko, Chuo Kikuu cha Rhodes. Ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya watu kuzirudisha Kenya na kuzichezea familia za walioimba. Simlaumu mzee wa watu. Bila yeye tungekuwa hatuna hizo sauti. Nasema tu: mashine haikuwa yetu, na sauti ikafuata mashine.

Kisha ikaja benga. Daniel Owino Misiani, tumpe heshima yake, Jaduong' Misiani, alizaliwa mwaka wa 1940 karibu na Shirati, upande wa Tanzania, si mbali na mpaka wa Migori. Yeye na Shirati Jazz walichukua vidole vya nyatiti wakaviweka kwa gita. Ukiskiza gita la kwanza la benga, zile nota fupi fupi zinazokimbizana, hiyo ni nyatiti imevaa suti. Na besi haikai nyuma kama mgeni, inaongea. Kumbuka hiyo besi, tutairudia.

Swali: hiyo benga ilirekodiwa wapi? Si Homa Bay. Si Migori. Bendi ilipakia magitaa kwa basi ikaenda Nairobi, ama ikaenda Kericho, kwa duka la Chandarana, ambako familia ya wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi ilikuwa na lebo na mahali pa kurekodi. Benga nyingi ya Nyanza ilipita pale. Mnafika, mnapanga vyombo, mnapiga wote kwa pamoja, wimbo unakatwa mara mbili ili utoshe santuri ya mizunguko 45: sehemu ya kwanza upande wa A, sehemu ya pili upande wa B. Ukikosea, mnarudia kutoka mwanzo.

Hapo ndipo chumba kilikuwa na nguvu. Mwenye chumba alikuwa na mashine, mwenye mashine alikuwa na tepu kuu, na mwenye tepu kuu ndiye alikuwa anaamua santuri ngapi zichapishwe na ziuzwe wapi. Wanamuziki wengi wa enzi hizo walilipwa pesa ya mara moja, wakapanda basi wakarudi nyumbani. Wimbo ukaendelea kufanya kazi bila wao.

Mfano unaoniuma zaidi ni huu. Phares Oluoch Kanindo alikuwa Mluo mwenzetu, prodyuza na mfanyabiashara wa santuri, ambaye baadaye alikuwa mbunge. Miaka ya 1970 alisambaza benga mbali sana, mpaka Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Watu wa huko walipenda ule muziki kufa. Lakini hawakujua unaitwaje, kwa hivyo wakasoma jina lililoandikwa kwa karatasi ya santuri: Kanindo. Mpaka leo Zimbabwe "kanindo" ni jina la aina ya muziki, na ni moja ya mizizi ya sungura yao. Soma hapo tena. Muziki ulivuka nchi kadhaa, na jina lililofika si la mpiga gita wala mwimbaji. Ni la mwenye lebo.

Mimi sioni kama Kanindo alikosea. Alikuwa mtu mweusi aliyeingia biashara ambayo sehemu kubwa ilishikwa na wageni, akaishinda. Lakini funzo liko wazi kama mchana: jina linalobaki ni la yule anayemiliki mahali sauti inapogeuka kuwa bidhaa.

Baadaye kaseti zikaingia, na uharamia ukaja nazo. Mtu ananunua kaseti moja, ananakili mia, anaziuza stendi ya matatu. Miaka ya 1980 ilipokuwa inaisha, biashara ya santuri ilikuwa imelala. Halafu kompyuta ikabadilisha kila kitu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000, Nairobi ikaona studio za vijana: Ogopa Deejays, Calif Records iliyochukua jina la mtaa wa California, na Tedd Josiah, prodyuza wa "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji mwaka wa 2002. Neno la Kijaluo, limepewa kichwa na mkia wa Kiingereza, likawa neno la nchi nzima. Lakini bado ilikuwa Nairobi. Msanii wa Rongo ama Mbita bado alikuwa anatafuta nauli.

Leo nauli si lazima. Kompyuta ndogo, kifaa cha kuunganisha maiki, programu, umeanza. Kwa mara ya kwanza tangu Tracey ashuke na mashine yake, chumba kiko Migori na kiko Homa Bay, na ufunguo uko mfukoni mwako. Kwa hivyo hebu tukiheshimu hicho chumba. Na kukiheshimu kunaanza na kukielewa.

Hapa itabidi tuende Marekani kidogo. Mwaka wa 1895, Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara, jengo zuri, lakini mwalimu akiongea hakuna anayeelewa. Neno moja lilibaki hewani zaidi ya sekunde 5, kwa hivyo sentensi nzima iligeuka uji. Wakampa kazi mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Clement Sabine. Jamaa hakuwa mtaalamu wa sauti. Alichukua filimbi ya kinanda, saa ya kupimia, na mito ya viti. Ndiyo, mito. Aliitoa kwa ukumbi mwingine wa chuo, anaibeba usiku, anaipanga, anapima, na kabla ya asubuhi anairudisha. Alifanya usiku kwa sababu mchana barabara ilikuwa na kelele.

Alichogundua kinaweza kukaa kwa kiganja. Muda ambao sauti inabaki chumbani unategemea vitu viwili: ukubwa wa chumba, na jumla ya vitu vinavyomeza sauti ndani yake. Kipimo chake kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti ikitoka dirishani hairudi. Kwa hesabu ya mita: zidisha 0.161 kwa ujazo wa chumba, gawanya kwa mita za mraba za "dirisha wazi" ulizonazo. Hapo unapata sekunde.

Sasa tupige hesabu ya bedsita. Mita 3 kwa 3, urefu wa mita 2.7, ujazo ni kama mita 24 za ujazo. Kama ni plasta na simiti tupu, bila hata kitanda, kuta zote kwa pamoja zinameza kama dirisha la mita 2 za mraba hivi. Sauti inabaki karibu sekunde 2. Kwa kurekodi sauti ya mtu unataka kama sekunde 0.3. Kufika hapo unahitaji mita 13 za mraba za kumeza. Hiyo si foronya mbili na kapeti ya mlangoni. Ni magodoro, ni blanketi nzito, ni kabati la nguo lililofunguliwa, ni paneli za kweli.

Na trei za mayai? Tumalize hiyo hadithi leo. Trei ni karatasi nyembamba. Inasumbua sauti za juu kidogo, basi. Chini na katikati inapita kama haijaona kitu. Halafu inashika moto haraka, na wewe uko hapo na nyaya, adapta na mlango mmoja. Povu jembamba la sentimita 5 nalo linafanya kazi nzuri kuanzia kama mitetemo 500 kwa sekunde kwenda juu. Ukijaza ukuta mzima, umeua mng'ao wa sauti na kuacha matope ya chini. Ndiyo ile sauti unaskia kwa nyimbo nyingi za mtaa, kama mtu anaimba ndani ya katoni.

Mbona chini ni ngumu hivyo? Kwa sababu mawimbi ya chini ni marefu. Sauti inakimbia kama mita 343 kwa sekunde. Sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la karibu mita 3.4, refu kuliko chumba chako. Blanketi moja haliwezi kulizuia.

Na hapa ndipo besi ya benga inarudi. Bedsita nyingi ni futi kumi kwa kumi. Chumba cha upana huo kina mtetemo wake wa asili kama 56 kwa sekunde. Sasa uzi wa A wa gita la besi, ukipigwa wazi, ni 55. Unaona shida? Nota hiyo moja inavimba chumba kizima, zingine zinapotea. Na kwa sababu chumba ni mraba, urefu na upana vinasukuma nota ile ile. Unakaa katikati, hauskii besi, unaiongeza. Unatuma wimbo, unachezwa kwa matatu, spika zinalia. Watu wanasema prodyuza hajui kazi. Prodyuza alidanganywa na ukuta.

Kwa hivyo fanya hivi. Usikae katikati ya chumba, na usikae kwa kona. Spika zitazame upande mmoja, wewe ukae kama theluthi moja ya chumba kutoka ukuta wa mbele. Kona ndizo zinakusanya besi, kwa hivyo weka vitu vinene huko: godoro limesimamishwa, magunia yamejaa nguo kuukuu zilizobanwa. Kwa kuta, tengeneza fremu za mbao, futi nne kwa mbili, kina cha inchi nne. Jaza ile sufu ya mawe ambayo viwandani inazungushiwa mabomba ya mvuke, funika na kitambaa ambacho ukipuliza hewa inapita, na vaa glavu na barakoa ukiishika. Ukikosa, kunja mablanketi ya zamani. Usigandishe kwa ukuta. Acha nafasi ya inchi chache nyuma, inasaidia chini. Weka mbili pembeni yako, moja juu ya kichwa, zingine nyuma ya mwimbaji. Ndiyo, nyuma yake, kwa sababu maiki inamtazama yeye na ukuta ulio nyuma yake.

Ubaya mwingine ni kuchanganya mambo mawili. Kumeza mwangwi si kuzuia kelele. Paneli hazitazuia lori la barabara kuu ya Kisumu kwenda Isebania linalopita katikati ya Migori. Hazitazuia mvua ya mwezi wa nne juu ya mabati. Kuzuia kelele kunahitaji uzito na kuziba nyufa: mlango mzito, mpira chini ya mlango, dari chini ya mabati. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki hata msumari, fanya kama Sabine, fanya usiku. Joto la Homa Bay nalijua, na feni inaingia kwa maiki, kwa hivyo rekodi ubeti, zima, pumua, washa feni, rudi.

Kuna mtu atasema: "Wewe, Jaduong' Misiani alikuwa na paneli gani? Na wasikilizaji wangu wanatumia simu." Sawa, nakujibu. Mzee alikuwa na bendi iliyopiga pamoja miezi kwa miezi, na fundi anayejua chumba chake kama kiganja. Wewe uko peke yako, unaweka sauti moja juu ya nyingine mara ishirini, na kila mara mwangwi wa chumba unaongezeka. Na kuhusu simu, ni kweli haitoi besi. Lakini mwangwi kwa sauti ya mtu unaskika hata kwa kabambe. Mwangwi unaweza kuongeza baadaye kwa programu. Kuutoa ni kama kutoa chumvi kwa mchuzi.

Kile kiko mezani hapa ni kikubwa kuliko usafi wa sauti. Kama chumba chako hakifanyi kazi, utarekodi majaribio nyumbani halafu "wimbo wenyewe" uupeleke Nairobi, kwa chumba cha mtu mwingine. Na utasaini karatasi ya mtu mwingine. Kuna wazee wa nyatiti, wa orutu na wa iritungu ambao bado wako hai huku kwetu, na hawatakuwa hai milele. Mwaka wa 2008 Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilitoa kazi nzuri ya kufuatilia mizizi ya benga. Tunashukuru. Lakini si lazima kila mara gari litoke Nairobi ndio mzee wa Ndhiwa arekodiwe. Wewe uko karibu zaidi, unajua lugha yake, na unajua kumwamkia.

Ukimrekodi, andikianeni. Jina lake, jina la wimbo, tarehe, nani anamiliki nini, nani anapata ngapi. Mwenye chumba sasa ni wewe. Usije ukawa yule wa zamani aliyelipa pesa ya mara moja akabaki na tepu. Hiyo ndiyo sehemu ya historia tunaweza kukataa kurudia.

Basi jioni hii simama katikati ya chumba chako, zima kila kitu, upige kofi moja kali. Ukiskia mlio kama chuma inayotetemeka baada ya kofi, hiyo ni sauti ya kuta mbili zinazotazamana zikirushiana mpira. Tafuta blanketi, tundika kwa moja, piga kofi tena. Halafu ndio uniulize habari ya maiki.